Mashine mpya, foleni ileile: kweli na si kweli kuhusu akili unde na tija kazini

Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, maneno kuhusu kazi yamekuwa mengi kuliko ushahidi. Mkurugenzi anaambiwa na muuzaji wa programu kwamba watumishi wake watamaliza kwa siku moja kazi ya wiki nzima. Karani anaambiwa na jirani kwamba mwakani hatakuwa na kiti. Na wote wawili wanaamua mambo mazito kwa kutegemea maneno hayo: mmoja anasaini mkataba wa mamilioni, mwingine anaacha kozi aliyokwisha kuilipia ada. Ndiyo maana nataka madai haya yapimwe moja moja. Mengine yana ukweli, mengine hayana. Ukiyachunguza utaona kwamba kinachotenganisha mafanikio na hasara, karibu kila mara, ni jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa na nani aliyeipanga.

"Ukileta zana yenye kasi, kazi itakwenda kasi."

Si kweli, na swali hili lilikwisha kujibiwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mwaka 1882 kampuni ya Thomas Edison ilianza kuuza umeme kutoka kituo chake cha mtaa wa Pearl, New York. Viwanda vya Marekani havikubadilika haraka. Mwanahistoria wa uchumi Paul David, katika makala aliyoitoa mwaka 1990, alionyesha kwamba hadi kufikia mwaka 1900 umeme ulikuwa ukiendesha chini ya asilimia 5 ya nguvu ya mashine viwandani, na kwamba tija ilipanda kwa kishindo katika miaka ya 1920 tu. Hiyo ni takriban miaka 40 ya kusubiri.

Sababu ilikuwa jengo. Kiwanda cha mvuke kilijengwa kuzunguka injini moja kubwa. Injini hiyo ilizungusha mhimili mrefu wa chuma uliopita juu, karibu na dari, na kila mashine ilifungwa kwa mkanda kwenye mhimili huo. Hivyo mashine zilikaa pale mhimili ulipopita, hata kama bidhaa ililazimika kuzungushwa huku na huko kabla ya kukamilika. Umeme ulipofika, wenye viwanda wengi waling'oa injini ya mvuke wakaweka mota moja kubwa palepale. Mhimili ukabaki, mikanda ikabaki, na bidhaa ikaendelea kupita njia ileile ya mzunguko. Faida ilikuja pale kila mashine ilipopewa mota yake, majengo mapya yakawa ya ghorofa moja, na mashine zikapangwa kwa kufuata hatua za bidhaa, ya kwanza mpaka ya mwisho.

Sasa tazama barua ya mwananchi anayeomba kibali katika ofisi ya umma. Inapokelewa masjala, inagongwa muhuri, inawekwa kwenye faili, faili linapanda kwa mkuu wa idara. Mkuu anaandika maelekezo, faili linashuka kwa ofisa. Ofisa anaandika dokezo sabili, dokezo linapanda kusubiri saini. Kisha barua ya majibu inaandaliwa, nayo inapanda tena. Kuandika lile dokezo pengine ni kazi ya nusu saa, na akili unde inaweza kuifanya iwe ya dakika tano. Lakini ikiwa mwananchi alisubiri wiki tatu, wiki hizo hazikuliwa na uandishi. Zililiwa na meza. Ukiongeza kasi ya kuandika bila kupunguza meza, utazalisha madokezo mengi zaidi yanayomsubiri mtu yuleyule mwenye kalamu ileile, naye sasa atasaini bila kusoma.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chukua faili moja lililokwisha kufungwa na uhesabu tarehe zake: lilifika lini kwenye kila meza, likaondoka lini. Zoezi hilo halina gharama, na linafundisha mengi kuliko semina ya siku mbili hotelini.

"Mtumiaji mwenyewe anajua kama zana inampa kasi."

Si kweli. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR ya Marekani iliwapima waandishi wa programu 16, wazoefu, kwa kazi 246 halisi katika miradi waliyoijua vizuri. Kazi nyingine waliruhusiwa kutumia akili unde, nyingine walikatazwa. Kabla ya kuanza walitabiri kwamba zana ingewapunguzia muda kwa asilimia 24. Saa ilionyesha kwamba walipoitumia walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Na hata baada ya kumaliza, bado waliamini kwamba iliwaharakisha kwa asilimia 20.

Utafiti huo ni mdogo, na zana zimebadilika tangu wakati huo, kwa hiyo sitasema akili unde inawachelewesha waandishi wote wa programu. Ninachochukua ni pengo kati ya hisia na saa. Kuona maandishi yakijitokeza yenyewe kunampa mtu hisia ya kukimbia, wakati dakika za kuandika maelekezo, kusubiri, kusoma na kusahihisha zinapita bila kuhesabiwa. Mfanyakazi anajua kuliko yeyote kazi inakwama wapi. Lakini akiulizwa imepungua kwa dakika ngapi, apewe saa.

"Akili unde inamwinua zaidi aliye chini."

Hapa ukweli unategemea unazungumzia kazi gani, na tuna ushahidi wa pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni utafiti wa Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Waliwafuatilia zaidi ya wahudumu 5,000 wa huduma kwa wateja katika kampuni moja ya programu. Wahudumu walipewa zana iliyowapendekezea majibu wakati wanaandikiana na mteja. Idadi ya matatizo yaliyotatuliwa kwa saa ilipanda kwa wastani wa asilimia 14. Kwa wageni kazini na wenye ujuzi mdogo ilipanda kwa asilimia 34, na kwa wazoefu haikubadilika sana. Maelezo yake ni mazuri: zana ilijifunza kutokana na mazungumzo ya wahudumu hodari, kisha ikamkabidhi mgeni yale ambayo vinginevyo angeyakusanya kwa miezi mingi.

Upande wa pili uko Kenya. Mtafiti Nicholas Otis na wenzake waliwapa wafanyabiashara wadogo mshauri wa akili unde aliyejengwa juu ya modeli ya GPT-4, anayepatikana kwa WhatsApp. Wafanyabiashara 640 walishiriki katika jaribio hilo. Kwa wastani, faida haikuonekana. Lakini ndani ya wastani huo palikuwa na makundi mawili: waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa asilimia 15 au zaidi, na waliokuwa wakisuasua walishuka kwa asilimia 8 hadi 10 hivi. Zana ileile ilimwongezea aliyenacho na kumpunguzia asiyenacho.

Kwa nini mhudumu dhaifu aliinuka na mfanyabiashara dhaifu akaanguka? Mimi naona jibu liko kwenye umbo la kazi. Mhudumu ana swali moja jembamba mbele yake, jibu limetokana na kampuni yake hiyohiyo, na mteja akiambiwa jambo lisilofaa anajibu papo hapo. Mwenye duka anauliza swali pana: nifanyeje biashara ichangamke? Anapata ushauri mwingi unaosikika vizuri, na kazi ngumu ya kuchagua upi unafaa mtaani kwake inabaki juu yake, tena kwa mtaji usiostahimili kosa hata moja. Anayesuasua ndiye mwenye maswali magumu zaidi na nafasi ndogo zaidi ya kujaribu. Anayetaka kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kwa akili unde asiwaachie simu na mshauri wa mashine peke yao. Aweke mtu wa kukaa nao na kupambanua ushauri.

Na wale wahudumu hodari ambao mazungumzo yao ndiyo yaliyoifundisha zana? Ujuzi wao sasa unazalisha mapato kupitia mikono ya wengine. Kama malipo yao yanapangwa kwa kulinganishwa na wenzao, wanashuka daraja kwa sababu ya ujuzi wao wenyewe. Hilo ni suala la haki, na linapaswa kuandikwa kwenye mkataba wa kazi.

"Mradi binadamu ndiye anayeamua mwishoni, hakuna hatari."

Si kweli kwa maneno hayo. Washauri 758 wa kampuni ya Boston Consulting Group walipojaribiwa mwaka 2023 wakitumia GPT-4, kwenye kazi zilizoendana na uwezo wa zana walimaliza haraka zaidi na kwa ubora wa juu zaidi. Lakini kwenye kazi moja iliyochaguliwa makusudi kwa kuwa zana ingekosea, waliotumia zana walipata jibu sahihi mara chache zaidi kwa tofauti ya pointi 19 za asilimia. Binadamu walikuwepo, tena wasomi. Walikubali tu.

Ili binadamu aamue kweli, kazi lazima ipangwe imwezeshe kuamua. Mfano bora ninaoujua hauko Ulaya wala Marekani. Uko Nairobi.

Penda Health ni mtandao wa zahanati za huduma ya msingi. Pamoja na OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, ulijaribu zana iitwayo AI Consult katika zahanati 15, na matokeo yakatolewa mwaka 2025 baada ya mahudhurio 39,849 ya wagonjwa. Zana imefungwa ndani ya mfumo ambao tabibu anautumia kila siku kuandika maelezo ya mgonjwa. Haimsubiri aiulize. Inasoma kimyakimya anapoandika dalili, vipimo, ugonjwa na dawa, kisha inatoa rangi. Kijani maana yake endelea. Njano maana yake kuna jambo la kutazama ukipenda. Nyekundu inamsimamisha mpaka asome. Uamuzi unabaki kwa tabibu.

Ona walivyofikiri. Tabibu mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni hana muda wa kufungua programu nyingine na kuandika swali. Akipigiwa kengele kwa kila jambo dogo, atazoea kuzipuuza zote. Kwa hiyo wakaifanya zana inyamaze wakati mwingi na ipaze sauti pale tu panapostahili.

Hata hivyo, hilo peke yake halikutosha. Katika kipindi cha mwanzo, matabibu wengi waliona nyekundu na kuiacha kama ilivyo: kiwango cha nyekundu zilizoachwa bila kurekebishwa kilikuwa kati ya asilimia 35 na 40, kana kwamba zana haikuwepo. Ndipo viongozi wakabadilisha uendeshaji. Waliteua matabibu wenyeji wa kuwafundisha wenzao, wakakaa na kila mmoja kumwonyesha alipo, wakapima na kurudisha matokeo. Kiwango cha nyekundu zilizoachwa kikashuka hadi karibu asilimia 20. Kwa jumla, kundi lililokuwa na zana lilifanya makosa machache zaidi ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16, na ya tiba kwa asilimia 13.

Msomaji ajue kwamba wenye zana walishiriki kufanya utafiti huo, na kwamba hali ya wagonjwa walipoulizwa baadaye haikutofautiana kwa kiwango cha kutosha kitakwimu. Lakini kuhusu kupanga kazi somo ni thabiti: kuweka programu peke yake hakukutosha. Kilichosaidia ni jinsi watu walivyopangwa kuizunguka.

"Muda utakaookolewa utakuwa wa mfanyakazi."

Si kweli, mpaka pale utakapoandikwa kuwa wake.

Mwaka 1899, katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem huko Pennsylvania, mhandisi Frederick Taylor alichukua kazi ya kubeba vipande vya chuma akaipima kwa saa. Kwa maelezo yake mwenyewe katika kitabu chake cha 1911, kibarua aliyekuwa akibeba tani 12.5 kwa siku alifikishwa tani 47.5. Ujira wake ulipanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Kazi karibu mara nne, malipo nyongeza ya asilimia 60. Wanahistoria wameyatilia shaka maelezo yake, lakini hesabu aliyojivunia ndiyo hiyo, na ilisomwa na mameneja wa dunia nzima kama mfano wa kuigwa.

Zaidi ya karne moja baadaye, wachumi Anders Humlum na Emilie Vestergaard waliangalia wafanyakazi 25,000 katika sehemu za kazi 7,000 nchini Denmark, kutoka kada 11 zinazoguswa sana na akili unde. Muda uliookolewa ulikuwa wastani wa asilimia 3 hivi. Katika mishahara na saa za kazi hawakuona badiliko la maana. Baadhi ya wafanyakazi walipata kazi mpya zilizoletwa na zana yenyewe. Walimu, kwa mfano, sasa wanatumia muda kuchunguza kama insha imeandikwa na mwanafunzi au na mashine. Kwa mwalimu wa darasa lenye wanafunzi wengi, hiyo ni kazi ya usiku.

Muda uliookolewa hauendi popote peke yake. Unachukuliwa na anayepanga ratiba. Kama hakuna makubaliano kwamba nusu yake itakuwa ya mafunzo, au ya kuwahi nyumbani, au ya kumhudumia mteja bila haraka, utajazwa ripoti za ziada ambazo hakuna aliyeziomba.

"Kazi zote zitakwisha."

Si kweli, na watabiri wakubwa wamekwisha kukosea hadharani. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, alisema tuache kuwafundisha madaktari wa radiolojia. Hospitali bado zinawatafuta. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilitangaza mwaka 2024 kwamba msaidizi wake wa akili unde anafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkuu wake alikiri kwamba ubora ulishuka, wakaanza tena kuajiri watu.

Lakini kusema hivyo kusimpe usingizi aliye hatarini kweli. Shirika la Kazi Duniani, katika uchambuzi wake wa 2023, lilionyesha kwamba kazi za ukarani ndizo zinazoguswa zaidi, na kwamba wanawake wako humo kwa wingi. Makatibu muhtasi na makarani wa ofisi zetu wanahitaji mafunzo sasa, wakiwa bado na mshahara.

"Akili unde inajiendesha bila watu."

Uongo mtupu. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi vijana wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa mkataba wa OpenAI, walivyosoma na kuweka alama kwenye maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa kingono, ili ChatGPT ijifunze kuyatambua na kuyakataa. Mkononi walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wengine walieleza majeraha ya nafsi waliyobaki nayo. Mei 1, 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa sekta hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao.

Tija yoyote inayotajwa bila kuwahesabu hao ni hesabu pungufu. Kazi yao nayo ilipangwa na mtu: idadi ya maandishi kwa zamu, urefu wa mapumziko, upatikanaji wa mshauri nasaha. Yote hayo yangeweza kupangwa vingine, na bado yanaweza.

"Kupanga kazi ni jambo la wakubwa na wataalamu."

Si kweli. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ambayo kila msomaji anaijua, ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kwa lengo la kuwasaidia wakopaji kurejesha mikopo midogo. Watu wakaitumia kwa mambo yao: kutumiana pesa. Waliokuwa wakiendesha jaribio walikubali kuona hilo, wakaibadilisha huduma, na Machi 2007 ilipozinduliwa ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani. Kama wangeshikilia mpango wa mezani, leo tungekuwa na programu ya mikopo ambayo wachache wanaikumbuka.

Sheria nayo inampa mtu wa kawaida pa kusimama. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea kompyuta peke yake, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa. Mfanyakazi anayepangiwa zamu au kupewa alama na programu anaweza kuuliza nani aliyeamua.

Basi kama ofisini kwenu kuna mazungumzo ya kununua zana ya akili unde, ombeni kikao kabla mkataba haujasainiwa. Nendeni na faili moja lenye tarehe zake za kila meza, mkaulize mambo matatu: hatua gani itaondolewa, muda utakaopatikana utakuwa wa nani, na zana ikikosea nani atawajibika. Mkikosa majibu ya maandishi, msikubali mkataba usainiwe.